Fundo la Pili

Jani la mgomba likipitishwa juu ya makaa hubadilika rangi, linalegea, linang'aa kama limepakwa mafuta, na papo hapo linatoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine chochote. Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni ulimi ukiwa mwekundu kwa yale maji ya rangi wanayouziwa watoto getini ndani ya vifuko vya plastiki, mkononi ameshika biskwi iliyobaki nusu, na chakula cha mchana akakikataa. Nikasema basi, imetosha. Katika nyumba hii, saa kumi patakuwa na kitu kinachojulikana kilikotoka. Nikashuka sokoni hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa, nikachagua ndizi zilizoiva mpaka ganda limeota madoa meusi, zile ambazo wauzaji huzificha chini ya nyingine. Nikaziponda, nikachanganya na karanga za kukaanga zilizotwangwa, nikachukua jani, nikalipitisha juu ya makaa. Harufu ikapanda, na mimi nikashikwa na wivu.

Ndiyo, wivu. Wenzangu wa rika langu wanasema harufu za utotoni huwaletea machozi, au njaa, au hamu ya kurudi nyumbani. Mimi hii huniletea wivu, tena wivu mbichi, wa mtoto anayenuna na kupiga mguu chini. Mtu mzima mwenye watoto watatu, nilisimama mbele ya babula, hilo jiko letu la makaa, nimevimbisha mdomo kwa sababu ya kitu alichopewa mtoto mwingine zamani, nisipewe mimi.

Mama yangu alikuwa mmoja wa akina mama wa kujitolea kwenye dispansere ya mtaani kwetu. Kazi yao ilikuwa kuwaonyesha wenzao namna ya kupikia watoto. Alisimama pale uani na sufuria, akakoroga uji wa mahindi na soya, akaeleza paipai lina faida gani, na kwa nini mtoto asishindishwe bugali mtupu. Adui yake mkubwa alikuwa sukari. "Sukari inajazaka mudomo," alikuwa akisema, "haijazake mutoto." Akina mama walicheka, wakaitikia, halafu wakirudi nyumbani waliwanunulia watoto wao bombo, hizo peremende za rangi rangi, ili wanyamaze. Mama alijua. Alisema maneno huingia polepole kama mvua ya manyunyu, ila yanaingia.

Nyumbani kwetu maneno hayo yalikuwa sheria. Jua likianza kushuka upande wa ziwa, baba bado yuko ufukweni akihangaika na injini za mitumbwi, mama alikaa kwenye kigoda chake na mimi nikakaa mbele yake. Ndizi mbivu, karanga, unga kidogo wa mahindi wa kushikiza, na kama kuna mtu aliyeshuka kutoka milimani na asali, kijiko cha asali. Akafunga kwenye jani, akakaza kwa kamba ya mgomba, fundo moja, akaweka kwenye sufuria ya mvuke. Kilichobaki kwenye bakuli kilikuwa changu. Nilikilamba kwa kidole mpaka bakuli likawa halihitaji kuoshwa. Nilikuwa mtoto wao pekee. Kabla yangu alikuwepo mwingine, nilijua hilo kama mtoto anavyojua kwamba kulikuwa na nyumba mahali ambapo sasa pana shamba. Jina lake lilitajwa mara chache, kwa sauti ya chini.

Jina langu mimi lilikuwa la bibi mzaa baba, kwa hiyo mama aliniita Mama-mukwe. "Mama-mukwe, kuya ulambe bakuli." "Mama-mukwe, leo umekasirika, nimekukosea nini?" Wageni walicheka. Mimi niliuchukua ule wadhifa kwa uzito wote. Nilijua mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, wa kupewa kiti na kipande kizuri, na nilijiona mtu mkubwa katika nyumba ile. Hakuna aliyenidokeza kwamba wadhifa huo unaweza kupata mpinzani.

Mwavita aliletwa na mjomba, kaka yake mama, siku ambazo watu walikuwa wakikimbia vita na kushuka kutoka milimani upande wa Minembwe, wakiwa na magodoro vichwani na mbuzi mmoja mmoja nyuma. Alikuwa binti yake, mdogo kwangu kidogo. Mama yake alikuwa amefariki porini walipokuwa wamejificha. Hayo niliyasikia yakisemwa, lakini niliyasikia kama mtoto anavyosikia habari za redio. Macho yangu yalikuwa kwa yule mtoto mwenyewe aliyekuwa ameketi juu ya mkeka wetu, kimya, na nilichokiona ni kwamba alikuwa amenona.

Mashavu yake yalikuwa mviringo, yanang'aa. Miguu yake ilikuwa minene, mizuri, laini, si kama yangu iliyojaa mikwaruzo. Alikuwa na tumbo. Nywele zake hazikuwa nyeusi na ngumu kama zangu. Zilikuwa nyepesi, zimeelekea kwenye wekundu, na mimi niliyekuwa nikilia kila niliposukwa nilizitamani palepale.

"Mama-mukwe, huyu ni ndugu yako," mama akasema. "Atabakia na sisi."

"Iko munene kuliko mi," nikasema. "Bamupeleke kwenye banakosa chakula."

Mjomba akatazama chini. Mama akaniambia ninyamaze, na sauti yake haikuwa ile ya kumsemesha mama mkwe.

Kesho yake tulikwenda sote dispansere. Muganga alimkalisha Mwavita juu ya benchi, akaukamata mguu wake, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya wayo, akashikilia, kisha akaachia. Pale alipobonyeza pakabaki shimo. Shimo dogo, la mviringo, lililokaa pale bila haraka, kana kwamba mguu ulikuwa wa udongo wa kufinyangia. Muganga akasema neno moja, "Bwaki," na mama yangu akamnyanyua Mwavita akamweka kifuani, akaegemeza kidevu juu ya zile nywele nyekundu, akafumba macho.

Leo kila mtu wa kwetu anajua bwaki ni nini: njaa inayovimbisha mtoto mpaka asiyejua amwone ameshiba. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba mtu mkubwa alibonyeza mguu, shimo likabaki, na mama yangu akamkumbatia mwenye mguu namna ambayo hakuwahi kunikumbatia mimi hata nilipoanguka kutoka juu ya mpera. Jioni hiyo nilikaa nyuma ya nyumba, nikabonyeza mguu wangu. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kwa vidole viwili, kwa kisigino cha mguu wa pili. Ngozi ilirudi mara moja, bila huruma. Nikabonyeza tena.

Kuanzia hapo vifurushi vya saa kumi vikawa vya aina mbili. Changu kilifungwa fundo moja kama siku zote. Cha Mwavita kilifungwa mafundo mawili.

"Hii ya mafundo mbili ni ya Mwavita," mama akasema. "Usiiguse. Na yeye asiguse yako. Kila mutu na yake. Munasikia?"

Tulisikia. Mwavita aliitikia kwa kichwa, maana siku zile alikuwa haongei. Mimi nilifanya hesabu yangu, na haikuwa ngumu. Fundo moja, penzi moja. Mafundo mawili, penzi mara mbili. Na ndani ya yale mafundo mawili lazima kulikuwa na kitu ambacho sikustahili hata kukionja, asali tupu pengine, au yale maziwa ya unga niliyowahi kuona mkebe wake kwa jirani. Asubuhi, nikiwa bado kitandani, nilisikia kinu. Mama anatwanga. Anamtwangia yeye. Nikavuta shuka mpaka kichwani.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani alipona? Mimi mwenyeji nilikuwa nakonda kwa kijicho. Wanasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilingojea siku ya jembe. Badala ya jembe, Mwavita alipewa nafasi yangu kwenye kitanda cha mama, upande wa ukutani ambako hakuna upepo, na mimi nikahamishiwa kwenye mkeka kama mama mkwe aliyefukuzwa.

Kilichoniua kabisa ni namna mama alivyomlisha. Mimi nilipewa kifurushi changu nikaambiwa, "Shika." Yeye alipakatwa. Mama alikifungua mwenyewe, akamega, akapuliza, akaweka mdomoni mwake, na kisha, hili ndilo naliona mpaka leo, akamwangalia. Hakutazama sufuria, wala mlango, wala nani anapita njiani. Alimwangalia mtoto mdomoni mpaka akameza.

"Kula, mama. Hivyo. Kidogo tena. Tena kimoja tu, kwa ajili yangu."

Mwavita alikunja uso, akafumba macho, mabega yakapanda mpaka masikioni. Nikadhani ni utamu uliozidi. Nikadhani kuna utamu mkubwa kiasi hicho, kwamba mtu anashindwa kuubeba, na umefungwa mafundo mawili mbele yangu kila siku.

Nikaomba. Sikuiba, maana mama alikuwa na macho ya mwewe na mkono mwepesi. Niliomba kwa mdomo wangu, nimesimama wima mbele ya kigoda.

"Mama, leo na mi unifungie mbili."

Mikono yake ikasimama kwenye jani. "Hapana."

"Juu ya nini?"

"Juu we uko muzima."

"Sitaki kuwa muzima."

Kofi lilikuja kabla sijafunga mdomo. Halikuwa kali, lakini mama yangu hakuwa mtu wa kupiga, na alionekana kushtuka kuliko mimi. Baba, aliyekuwa ananawa mikono yenye oili, akasema, "Ee, mama, acha, ni mutoto." Mama akaendelea kufunga. Fundo moja. Mafundo mawili.

Nikafikiri sana, kwa kadiri kichwa cha umri ule kinavyofikiri, nikaona tatizo ni mguu. Mwavita alipata yote baada ya mguu kubonyezwa. Mguu wangu haukuwa umeonwa na mtu mwenye mamlaka. Pengine kidole changu tu ndicho kilichokosa nguvu. Basi siku ya dispansere, mama akiwa uani na sufuria yake na wanafunzi wake wa uji, nikajipanga kwenye foleni katikati ya akina mama na watoto wao. Nilipofika mbele, nikapanda benchi, nikanyoosha mguu.

Muganga akatazama kulia na kushoto. "Mama yako iko wapi?"

"Mi nimekuya peke yangu. Unibonyeze."

Akina mama wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Aa! Huyu ni wa Mama wa uji, angalia ile macho!" Muganga alikuwa mtu wa mzaha, akavaa uso wa kazi, akaukamata mguu wangu kwa mikono miwili, akabonyeza kwa nguvu, akashikilia, nami nikashikilia pumzi. Akaachia. Ngozi ikaruka ikarudi.

"Hakuna kitu. Muguu ni kama mupira ya bisikleti."

Kicheko kikaenda mpaka uani. Mama akaja na mwiko mkononi. Akaambiwa. Watu wote walicheka isipokuwa yeye. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jengo, penye pipa la maji ya mvua, akachuchumaa mbele yangu hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

"Unisikilize muzuri. Ile alama nilishaionaka ku muguu ya mutoto yangu. Wa kwanza. Sitaki kuiona tena kwako. Usiitafute. Umenisikia? Usiitafute hata kwa kucheza."

Alikuwa analia. Nilimsikia vizuri sana, na hiki ndicho nilichosikia: kwamba hata yule mwingine, aliyekufa, yule wa jina la sauti ya chini, naye alikuwa na shimo mguuni. Wote walikuwa nalo. Wote aliowalilia. Ni mimi tu nisiyekuwa nalo.

Nadhani ni baada ya siku hiyo ndipo nilipoacha kukaa mbele ya kigoda. Saa kumi ikifika nilichukua kifurushi changu, nikasema asante kama mpangaji, nikaenda kukila ufukweni pamoja na watoto wengine, au nikakibadilishana na andazi lililonyweshwa mafuta, ili nionekane siringi. Bakuli nikaliacha. Siku moja nilirudi mapema nikamkuta Mwavita amekaa pale pangu, analilamba kwa kidole, taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma. Mama alikuwa akimwonyesha namna ya kupitisha jani juu ya makaa bila kulichana. Nikapita. Sikuuliza mimi nitafundishwa lini.

Miguu ya Mwavita ikapungua. Sikuelewa kwa nini watu wanafurahi kwamba amekonda. Mashavu yakashuka, akawa kijitu chembamba chenye macho makubwa, nywele zikaanza kuota nyeusi kutoka shinani, na siku moja akacheka, kwa sauti, kwa sababu baba alikuwa ameteleza kwenye ganda la ndizi. Jioni hiyo mama alipotoa vifurushi kwenye sufuria, vyote viwili vilikuwa na fundo moja.

Nilikagua mara mbili. Moja, na moja. Moyo wangu ukaruka. Amepunguziwa! Hatimaye nyumba hii imerudi na akili zake. Nikamtazama Mwavita usoni nimwone anavyolia. Hakulia. Alikipokea kile kifurushi kwa mikono miwili, akaligusa lile fundo moja kwa ncha ya kidole, akatabasamu kijinga kabisa, akatoka nje kukila mlangoni ambako kila mpita njia angemwona. Nikaudhika upya. Mtu gani huyu, anashushwa cheo na anafurahi?

Tulikua hivyo. Siwezi kusema tulichukiana. Tulichanganya nguo, tulisukana, tulilala mkeka mmoja, na watu walituita mapacha kwa kututania. Lakini yeye alikuwa wa jikoni na mimi nilikuwa wa nje. Yeye aliolewa Lusenda, mimi nikaolewa hapahapa Baraka, na kila alipokuja kusalimia alimletea mama kifurushi, na mama alikila polepole na kusema, "Hii ni yenyewe." Mimi nilimletea mama vitu vya dukani. Alishukuru, akaviweka kwenye kabati.

Halafu mama akafariki.

Matanga yake yalijaa uani mpaka barabarani, maana hakuna mtaa Baraka ambao hauna mtu mzima aliyewahi kunywea uji wake. Mimi nilikaa kwenye mkeka, nimenyoosha miguu, kama inavyompasa binti wa marehemu. Mwavita alishuka kwenye pikipiki akiwa na mkungu wa ndizi mbivu umefungwa nyuma ya dereva, akaingia analia kabla hajavua kitambaa cha kichwa. Alilia kwa nguvu. Alilia kwa kuita: "Mama! Mama ulininyanyua mu udongo!" Wamama wazee wakainuka kumshika, wakamwambia pole, pole, mutoto ya marehemu. Mimi machozi yangu hayakuwa na sauti, nina ubaya huo, na kwa muda hakuna aliyenishika. Nikafikiri, mbele ya maiti ya mama yangu, Mungu anisikie: hata leo.

Baada ya mazishi, watoto wa ukoo walikuwa wengi pale, wamechoka, wanalialia, kila anayekuja kuhani anawatia bombo mikononi. Mwavita akavua viatu, akaomba sufuria. Nilisikia jani likipita juu ya makaa kabla sijaliona. Watoto wakamzunguka, wangu wakiwa mbele. Binti yangu, damu yangu, akaja kwangu akitafuna, akaniambia, "Mama, ya mama mudogo ni tamu. We unajua kutengeneza hii?"

Sikujua. Nilijua vinavyoingia, lakini mkono wa mama sikuwa nao. Ulikuwa umekaa pale kwenye babula, kwa mtu mwingine.

Watu walipopungua, Mwavita akaja na kifurushi kwenye sahani, akakaa kando yangu mkekani. Fundo moja. Nikalitazama, na neno lililokuwa limenikaa kooni tangu utoto likatoka lenyewe.

"Yangu ni moja tu. Kama siku zote."

"Sasa ulitaka ngapi?"

"We, mama alikuwa anakufungia mbili."

Akaniangalia kama mtu anayesemeshwa lugha nyingine. "Mbili? Ile ya zamani? We! Ile ulikuwa unaitamani?"

"Kila siku."

"Lakini ile ilikuwa na ndagala!" Akashika mdomo asicheke matangani, akashindwa. "Ndagala ya kukauka, anatwanga na kichwa yake na mifupa yake, na soya, hakuna asali, hakuna chumvi, hakuna kitu. Ilikuwa dawa. Fundo ya pili ilikuwa ya kuonyesha hii si ya Mama-mukwe, asikosee akaila akatapika. Mi nilikuwa namezaka nimefumba macho."

Ndagala. Baraka nzima inanuka ndagala, hizo dagaa za ziwani, zimeanikwa kila mahali. Nani angeitambua harufu moja zaidi? Nikakumbuka yale mabega yanayopanda mpaka masikioni.

"Na mi nilikuwa naona yako," Mwavita akasema. Alikuwa ameacha kucheka. "Yenye fundo moja. Iko na asali, unapewa mu mukono, unaenda kucheza nayo. Nilikuwa nasema: moja ni ya mutoto ya nyumba. Mbili ni ya mugeni, mwenye atarudishwa siku moja. Siku alinifungia moja, nilijua sirudishwi tena. Haukumbuke? Nilienda kuila ku mulango, batu banione."

Nilikumbuka. Nilikumbuka vizuri kabisa.

Ningependa kuandika kwamba hapo wivu ulinitoka. Haukutoka. Ulihama tu mahali. Kwa sababu sasa nilijua hata zaidi: mama aliamka alfajiri kutwanga samaki kwa ajili yake, akamwangalia mdomoni mpaka akameza, na mimi hakuna aliyeniamkia, kwa vile nilikuwa mzima. Uzima ni zawadi yenye upweke. Anayekupenda anakuachia ucheze, anageuka kumtazama anayezama. Nilielewa yote, kama mama wa watoto watatu nilielewa, ningefanya vilevile. Na bado nilitaka.

"Nitengenezee ile," nikasema.

"Ipi?"

"Ya mafundo mbili."

"Juu ya nini? We uko muzima."

Alilisema vile vile, kwa sauti ileile, bila kujua ni maneno ya nani. Nikatazama kigoda kilichokuwa kimeegemezwa ukutani.

"Leo niko mugonjwa," nikasema.

Mwavita alinitazama usoni. Alinyanyuka, akaenda kuomba ndagala kwa jirani. Nikasikia kinu. Nikasikia jani. Aliporudi, kifurushi kilikuwa cha moto, kimefungwa mafundo mawili yaliyokazwa kweli, na hakunipa mkononi. Akakifungua mwenyewe, akamega, akapuliza, akaniwekea mdomoni mbele ya wamama wote waliobaki.

Ilikuwa mbaya. Mbaya kabisa, chungu, ya mchanga mchanga, mifupa inachoma ulimi. Macho yakanifumba yenyewe na mabega yakapanda. Nilipoyafumbua, Mwavita alikuwa ananiangalia mdomoni, hageuki, anangoja nimeze.

"Tena kimoja," akasema. "Kwa ajili yangu."

Nikala yote. Alipoweka jani kando, aliona miguu yangu iliyokuwa imenyooshwa juu ya mkeka tangu siku ya msiba, imevimba kwa kukaa na kwa kutolala. Akaukamata mmoja, akabonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, akashikilia, akaachia.

Shimo likabaki.

"Ona, Mama-mukwe," akasema polepole. "Na we sasa uko nayo."

Tukaliangalia, sisi wawili, mpaka likajaa.